Kisanduku Nilichokipokea Njia ya Kwihara

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, amalize, kisha anisikilize. Mimi si mlevi. Shule niliiacha kidato cha pili, si kwa uzembe, bali kwa sababu baba na mama walifuatana kaburini ndani ya msimu mmoja wa mvua, na nyuma yangu walikuwapo watatu wanaotaka kula. Mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kutunga hadithi. Haya yalinipata mimi mwenyewe, tena mchana, jua likiwaka, hapa hapa Tabora. Na hayajaniacha.

Nianze na ahadi, maana bila kuijua hutaelewa niliogopa nini. Siku za mwisho za mama, akiwa kitandani, alinishika kifundo cha mkono akaniambia, "Wewe usiondoke. Wenzako wataondoka, ndiyo kukua. Wewe usiondoke mpaka wa mwisho asimame." Wa mwisho ni Neema, ambaye wakati ule alikuwa bado anabebwa mgongoni. Leo Masanja ana kazi yake Igunga, Ester ameolewa Nzega, na Neema yuko kidato cha nne. Tunaishi wawili, mimi na yeye, mtaa wa Ipuli, nyumba ya vyumba viwili na kibanda changu cha ufundi mbele. Natengeneza redio, spika na amplifaya, na siku za harusi napiga gitaa. Mara tatu niliitwa Dar es Salaam na watu waliosikia mkono wangu. Mara tatu nikasema hapana, na usingizi haukunipungua hata usiku mmoja. Nilikuwa mtu aliyetulia kama jiwe la kusagia. Uliza yeyote Ipuli.

Bendi yetu ya harusi ni watu wanne tu. Anayeiongoza ni Hadija, mwimbaji, mwanamke mwenye ulimi mkali na sauti tamu. Mwaka jana mpiga kinanda wetu alihamia Mwanza akaondoka na kinanda chake, nasi tukabaki na gitaa langu, besi na ngoma. Harusi bila kinanda watu wanaiona maskini. Wanataka kusikia filimbi bibi harusi akiingia, wanataka fidla wakati wa kulishana keki.

"Kaka fundi," Hadija akaniambia, "wewe unafufua redio zilizokufa. Huwezi kulifundisha hilo gitaa kuwa kinanda?"

Alikuwa anatania, lakini jambo hilo linawezekana, na mimi nililijua. Gitaa la umeme la kawaida lina pikapu, ile sumaku chini ya nyuzi, nayo inasikia nyuzi zote kwa pamoja, kama mtu aliyesimama nje ya ukumbi anasikia makelele ya ndani. Ili gitaa lizungumze kwa sauti za kinanda unafunga pikapu ya pili, nyembamba kama rula, karibu na daraja, pale nyuzi zinapoegemea. Hiyo ina vijicho sita, na kila kijicho kinasikiliza uzi wake peke yake. Kutoka hapo unapita waya mnene hadi kwenye kisanduku. Kisanduku kinausikiliza uzi, kinaitambua noti, kisha kinaitoa noti ileile kwa sauti unayotaka: filimbi, fidla, tarumbeta, hata watu wanaoimba. Gitaa ni lilelile, vidole ni vilevile, sauti ni nyingine.

Pikapu ya vijicho sita niliipata. Muuzaji wa Dar aliituma kwa basi, akaahidi kisanduku kitafuata. Hakikufuata, na simu yake ikawa haipokelewi. Niliifunga hivyo hivyo, kwa skrubu nne, nikiamini ipo siku. Kila jioni niliikagua, nikiinua na kushusha kila kijicho chini ya uzi wake kwa unene wa karatasi, kama mtu anayepanga sahani kwa mgeni asiyekuja. Miezi minne nikikitafuta kisanduku, nikiuliza kila anayekwenda mjini. Neema alinicheka. "Kaka, siku hizi ukiota unasema kisanduku, kisanduku." Labda hapo ndipo nilipojifungulia mlango. Sijui.

Siku yenyewe nilikuwa nimekwenda Kwihara kutengeneza spika za kanisa. Wakati wa kurudi tairi la baiskeli likapata pancha, nikawa naikokota. Ilikuwa saa nane mchana, na njia ilikuwa tupu. Ni ile njia ya zamani, waliyoikanyaga wapagazi wa misafara mpaka ikazama chini kuliko mashamba ya pembeni.

Nikamwona mzee anakuja mbele yangu, akielekea nilikotoka. Amevaa katambuga za matairi zilizolika mpaka zimekuwa nyembamba kama ganda la karanga. Begani ana mzigo, sanduku limefungwa gunia na kamba.

"Mwangaluka," akasema. Saa nane mchana, mtu ananipa salamu ya asubuhi!

"Shikamoo mzee. Pole na mzigo."

"Marahaba. Nimeshapoa."

Hapo ndipo nilipoiona miguu yake. Alisimama kuongea nami, lakini miguu haikusimama. Ilikuwa inakanyaga palepale, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kama mtu aliyewekwa juu ya bati la moto. Uso umetulia, macho yamechoka, miguu inatembea. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungekimbia? Mimi nilimwonea huruma.

Kwetu mtu akija na mzigo unampokea. Maswali ni baadaye. Mtoto asiyekimbia kumpokea mgeni, watu hawamsemi yeye, wanamsema aliyemlea, na wadogo zangu niliwalea mimi. Kwa jambo hilo sikuwahi kuwaonea haya. Nilikuwa nawarudisha mlangoni: nenda kampokee, tena kwa mikono miwili.

Kwa hiyo nikaiegemeza baiskeli kwenye ukingo, nikanyoosha mikono. "Lete nikupokee, mzee. Upumzike kidogo."

Akarudi nyuma hatua moja. "Una watu nyumbani?"

"Ninaye mdogo wangu."

"Basi usinipokee."

Sasa hapa nisikilize vizuri, kwa sababu kosa liko hapa. Kwetu mtu akikataa mara ya kwanza, anaona haya tu. Ukimkaribisha chakula atasema ameshiba, ukimpokea mzigo atasema si mzito. Wewe unasisitiza. Usiposisitiza, ulikuwa hutaki kweli.

"Haiwezekani, mzee. Lete."

"Kijana, nimesema hapana."

"Hata kidogo tu, mpaka pale mbele." Na mikono yangu ikawa imeshashika kamba.

Akanitazama muda mrefu. Kisha akainamisha bega, na mzigo ukaja kwangu. Haukuwa mzito. Nakumbuka nilishangaa jinsi ulivyokuwa mwepesi.

Miguu yake ikasimama.

Aliitazama kama anaitazama miguu ya mtu mwingine. Nikageuka kuufunga mzigo kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli kwa mpira, na nilipoinua kichwa alikuwa ameshaingia kijia cha katikati ya mihogo, anatembea polepole sana, kama mtoto anayejifunza.

"Mzee! Mzigo wako!"

"Nimeshapokewa," akasema bila kugeuka.

Nikamfuata, baiskeli ikaanguka nyuma yangu, nikarudi kuiinua. Nilipotazama tena, mihogo mitupu. Nilisubiri pale mpaka kivuli changu kikawa kirefu. Nikaacha maagizo kwenye duka la Kwihara, mwenye mzigo akitokea aje Ipuli, aulize fundi wa redio.

Siku tatu hakuja mtu. Siku ya nne nikafungua, nikitafuta jina au namba ya simu. Chini ya gunia kulikuwa na sanduku la mbao, na ndani ya sanduku mlikuwa na kisanduku cheusi, kizima, kisicho na vumbi, chenye tundu la waya mnene wa pini nyingi. Ndicho. Waya wangu uliingia kama ulipimwa. Uniamini au usiniamini, nilikaa chini. Nikajiambia nitakijaribu tu, kama fundi anavyojaribu kitu cha mteja.

Nikachagua filimbi, nikagusa uzi wa kwanza. Filimbi ikalia kibandani kwangu, safi. Nikachagua fidla, zikalia fidla. Neema alitoka ndani na mwiko mkononi. "Kaka, nani huyo?" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kwa siku mbili nilirekebisha kila kijicho mpaka uzi mmoja usiamshe wa jirani yake.

Siku ya pili jioni nikafika uzi wa sita, ule mnene wa juu, na hapo furaha ikanipungua.

Nikueleze jambo moja la ufundi, halafu sitakusumbua tena. Kisanduku cha namna hii lazima kichelewe. Kinangoja uzi utikisike ndipo kiitambue noti. Uzi mwembamba hutikisika haraka, mnene hutikisika polepole, kwa hiyo wa sita ndio unaochelewa kuliko wote. Ucheleweshaji unaweza kuwa mdogo sana, sikio lisiukamate. Lakini haiwezekani sauti ikawahi. Itawahije? Uzi bado haujaguswa!

Ule wa sita uliwahi. Nilikuwa napeleka kidole, na kabla hakijafika, noti ikalia. Nikadhani ni mtikisiko wa meza. Nikalishika gitaa hewani, nikajaribu tena. Noti ikalia, kisha kidole kikagusa. Nikajaribu kukihadaa, nikanuia noti moja nikapiga nyingine. Ikalia ile niliyopiga, kabla sijaipiga. Nikabaki natazama mkono wangu. Umewahi kuona kivuli chako kinatangulia kuinua mguu? Mimi sikuwa naongoza tena. Nilikuwa nafuata.

Jumamosi bendi ikaja kufanya mazoezi uani kwangu. Nikaweka sauti za watu wanaoimba, tukaanza wimbo wa kumwingiza bibi harusi.

"Weee!" Hadija akapiga makofi. "Kaka fundi, hii bendi nzima ulikuwa umeificha kwenye kiatu?"

Nilipiga vizuri kuliko siku zote za maisha yangu, kwa sababu hakukuwa na kazi. Noti zilikuwa zinanisubiri mbele, mimi naziokota tu, moja, nyingine, nyingine. Nikasikia wanacheka. Nilikuwa nimeshatoka uani. Nilikuwa natembea barabarani na gitaa, waya umenyooka nyuma yangu, kisha ukachomoka.

Sauti haikukatika. Waya uko chini kwenye mchanga, na wale watu wakaendelea kuimba hatua saba, nane, na kila hatua yangu iliangukia kwenye mdundo wao.

"Unakwenda kumtafuta bibi harusi mwenyewe?" Hadija alipiga kelele. "Rudi, ana mwenyewe huyo!"

Wote wakacheka. Neema hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni ananitazama miguu.

Baada ya hapo sikujua tena kukaa. Nikila, nakula nimesimama. Nikishika redio ya mteja, naiweka, natoka nje, narudi, natoka. Jumanne saa nne asubuhi nilikuwa nalehemu waya kibandani. Nakumbuka moshi wa risasi puani. Kisha nikajikuta barabara ya Urambo, mbali kabisa na mji, gitaa mgongoni na sanduku begani, sikukumbuka kulichukua. Lori la tumbaku lilinipigia honi, ndilo lililonizindua. Jua lilikuwa utosini. Na unajua kilichonitisha zaidi? Haikuwa kwamba nilitembea. Ni kwamba nilikuwa najisikia vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu niwe kijana, sikuwa namfikiria mtu yeyote. Neema alikuwa hayumo kichwani mwangu hata chembe.

Nililia pale barabarani, sioni aibu kusema. Kisha nikageuka, na kugeuka kulikuwa kama kung'oa meno. Nikalitupa sanduku kwenye mtaro. Nilipofika relini lilikuwa tayari lipo begani.

Kesho yake nikaenda Kwihara kumtafuta mwenye mali. Dukani wakaniambia, "Yule mzee aliyerudi? Nyumba ile, kwa Mama Shija."

Mama Shija alikuwa mwanamke wa makamo, amekaa kwenye mkeka anabangua karanga. Aliponiona na sanduku akainuka haraka, akapangusa mikono kwenye khanga, akaja ameinyoosha.

"Karibu baba, karibu. Lete nikupokee."

"Usimpokee!" sauti ikatoka ndani. "Mwanangu, usimpokee!"

Mama Shija akasimama, amekasirika. "Baba! Ndiyo adabu gani hiyo? Mgeni amesimama na mzigo juani!"

Mzee wangu akatokea mlangoni, ameegemea ukuta. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyomwacha wiki mbili nyuma. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyelala akashiba usingizi. Na miguu yake ilikuwa imetulia tuli.

"Kijana," akasema, "nilikukataza mara mbili."

"Mzee, nilidhani unaona haya."

"Nilijua unadhani hivyo. Ningeweza kukimbia. Nilikuwa nimechoka, nikainama. Hilo ni kosa langu, na sitalikana."

Akakaa kwenye kigoda. Mimi sikuweza kukaa, nikawa nakanyaga palepale mbele yao, na Mama Shija akanitazama miguu, kisha akaacha karanga.

"Umekuta nini ndani?" mzee akaniuliza.

"Kisanduku cha gitaa. Kinaligeuza gitaa kuwa kinanda."

"Sijui ni kitu gani, lakini ndicho ulichokuwa unakitafuta. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa natafuta cherehani. Mke wangu alikuwa na mimba, nikataka awe na cherehani kabla mtoto hajazaliwa. Nikampokea mwanamke mmoja mzigo njiani. Yeye hakunikataza hata mara moja. Nikafungua, nikakuta kichwa cha cherehani, kipya. Nikafurahi! Nikashona gauni moja la mtoto. Sindano ilikuwa inashuka kabla sijazungusha gurudumu."

"Na hiyo mimba ni mimi," Mama Shija akasema. "Nimezaliwa hayupo. Nimeolewa hayupo. Mama nimemzika hayupo, mume nimemzika hayupo. Juzi anaingia, ananiambia nimpikie uji!"

"Nilikuwa napita," mzee akasema kwa sauti ndogo.

"Unapita wapi?"

"Hapa. Nikienda na nikirudi. Nilikuwa napita mbio, mwanangu. Siku moja ulikuwa kisimani, msichana mdogo tu, una ndoo. Uliponiona ukaiweka chini ukanikimbilia, 'Babu, lete nikupokee.' Nikakimbia."

Mama Shija alishika karanga moja, akaizungusha vidoleni, akashindwa kuibangua. "Ulikuwa wewe?" akasema. "Nilidhani mwendawazimu. Nilikwenda kuwasimulia wenzangu shuleni, tukacheka."

Miguu yangu tu ndiyo iliyosikika kwenye mchanga.

Nikamwuliza mzee kama kinaweza kuchomwa moto. Akasema alikichoma. Kama kinazama. Akasema alikizamisha mto Malagarasi, na alipofika ng'ambo kilikuwa begani, kikavu. Kinatoka kwa namna moja tu, kwa mtu kukupokea kwa hiari yake.

"Basi nimtafute mtu asiye na familia," nikasema.

Mzee akatikisa kichwa. "Nilimtafuta huyo miaka yote. Asiye na watu hapokei mizigo ya watu. Hii adabu hufundishwa nyumbani. Kila atakayekunyooshea mikono, jua ana mtu anayemsubiri."

Nikaondoka pale bila kuaga vizuri. Njia nzima nilikuwa nawaza nitaingiaje nyumbani. Kisanduku hakiniachi, miguu inataka magharibi, na Ipuli yupo mtoto niliyemfundisha mwenyewe kupokea mizigo kwa mikono miwili. Sasa nilielewa kwa nini yule mzee alipita kwake mbio. Alimpenda binti yake, na kwa kumpenda akamwacha bila baba. Na mimi je? Nigeuke hapo hapo, nishike njia ya Urambo, Neema abaki salama na abaki peke yake? Nilisimama njia panda, kama nilivyoweza kusimama, nikasikia sauti ya mama kama yuko pembeni. Usiondoke. Nikaenda nyumbani.

Neema alikuwa uani na sare za shule, anaanika nguo. Alinisikia, akaziacha zikaanguka, akaja mbio.

"Kaka! Umekwenda wapi tangu asubuhi? Lete nikupokee."

"Usiniguse."

"Umechoka, kaka, angalia unavyotetemeka. Lete."

"Neema, hapana."

Na yeye akafanya kile nilichomfundisha. Akasisitiza. Mkono wake ukashika kamba, na mzigo ukaanza kuniondoka. Sitakuficha. Nilisikia wepesi ambao siwezi kuueleza. Miguu ilianza kutulia, kwanza wa kulia. Usingizi wote niliokuwa nadaiwa ulinijia kwa pamoja, mtamu. Ingetosha ninyamaze. Ingetosha nisifanye kitu.

Nikamsukuma. Nilimsukuma kifuani kwa nguvu zangu zote, mdogo wangu ambaye sikuwahi kumpiga hata kofi la uso, akaanguka kwenye nguo mbichi. Majirani wakatoka.

"Nani kakufundisha kugusa mizigo ya watu?" nikapiga kelele. "Nani?"

Akanitazama kutoka chini, matope shavuni. "Wewe," akasema.

Nilimweleza yote jioni ile, nikizunguka meza, yeye amekaa. Sijui kama aliamini. Lakini aliitazama miguu yangu, akasema, "Sawa kaka. Sitakupokea." Tangu siku hiyo nyumbani kwetu ni mwiko. Nikiingia na chochote, hata kilo ya sukari, Neema anaficha mikono nyuma ya mgongo. Ester alipokuja kutusalimia alimgombeza kwa kukosa heshima. Majirani wanasema nimeharibu malezi yangu mwishoni. Waache waseme.

Nimetafuta namna yangu ya kuishi nacho. Kila siku kabla ya kazi nakibeba, nashika njia ya Urambo, natembea mpaka miguu iridhike, kisha nageuka. Bega langu limeota sugu. Ile pikapu nimeifungua, gitaa limerudi kuwa gitaa, na Hadija amepata mpiga kinanda mwingine. Sijakiunganisha tena kile kisanduku. Hata hivyo nikilishika gitaa, uzi wa sita hunitangulia. Na pale ninapogeukia pamekuwa mbali zaidi kila mwezi. Mwanzoni ilikuwa relini. Siku hizi ninawahi kurudi kumfungulia Neema mlango kwa taabu.

Neema anafanya mtihani wake mwaka huu. Anasoma sana. Kila mtu ananiambia, utapumzika sasa, ahadi umeitimiza. Wananipa pongezi. Mimi nahesabu ni asubuhi ngapi zimebaki ambazo nina sababu ya kugeuka.

Kwa hiyo nakuonya, wewe uliyelelewa vizuri. Kama umelelewa vibaya huna hatari yoyote, endelea na safari zako. Lakini wewe mwenye adabu, wewe unayesubiriwa na mtu, ukikutana na mwanamume njia ya Urambo, gitaa mgongoni, sanduku begani, anaongea nawe huku miguu yake haisimami, nipe salamu. Nipe maji, nitakushukuru. Tembea nami kidogo ukipenda, nizungumzishe. Ila mikono yako iweke nyuma. Na nikikuambia hapana, usidhani naona haya. Ondoka haraka, kwa sababu hapana ya kwanza nitaisema kwa moyo wangu wote, na ya pili pia nitajitahidi. Ya tatu siwezi kukuahidi.